Dirisha la Jikoni, na Kitu Kifaacho Kuwekwa Ndani Yake

Mazungumzo kwa akina mama na akina baba wa Moi's Bridge



Nimetakiwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo kwa macho ya wengi ni dogo, nalo ni dirisha la jikoni. Na hasa ni kitu gani kifaacho kuwekwa katika dirisha hilo: pazia, au kioo, au ubao, au wavu wa waya, au gunia lililopigiliwa misumari kama tuonavyo mara nyingi tupitapo vijijini. Yamkini baadhi ya akina baba walio hapa wameanza kutazama mlango, wakidhani kwamba habari za mapazia ni za wanawake peke yao. Nawaomba wakae. Katika sehemu hizi mwenye kujenga jiko na kukata tundu la dirisha aghalabu ni mwanamume, na mwenye kuketi humo saa nyingi za kila siku ni mwanamke, pamoja na mtoto aliye mgongoni. Aliyekata tundu hapiki, na yule apikaye hakuulizwa.

Mji huu, ambao zamani uliitwa Hoey's Bridge kwa jina la Mzungu mwindaji na mkulima aliyejenga daraja juu ya mto Nzoia, umekusanya watu wa asili nyingi. Reli ilifika Kitale mwaka 1926 ikipita hapa, na mashamba ya mahindi yakavuta watu kutoka Bungoma, kutoka Nandi, kutoka Turkana na kutoka nchi ya Wakikuyu. Kila watu walikuja na desturi yao ya kujenga. Lakini katika nyumba nyingi za wazee wetu, zile za mviringo zilizoezekwa nyasi, jambo moja lilikuwa sawa: dirisha lilikuwa dogo sana, au halikuwapo kabisa. Wala wazee hawakuwa wajinga. Paa la nyasi hupumua. Moshi hupanda na kupenya polepole katikati ya majani, na kwa mbali huonekana kama nyumba yote inatoa jasho.

Kisha yakaja mabati. Bati halivuji maji, na hili ni jema; lakini halivuji moshi pia. Fundi akaja akaziba kwa udongo ile nafasi iliyokuwa kati ya ukuta na paa, ili baridi isiingie, na nyumba ikapendeza. Basi moshi ambao zamani ulikuwa na njia elfu sasa umebakiwa na njia mbili tu, mlango na dirisha. Nasi, kwa sababu ya baridi, au kwa sababu ya majirani, au kwa kutaka urembo, twaenda kuliziba dirisha nalo kwa kitambaa. Hapa ndipo shauri la pazia linapokuwa shauri la uhai.

Sisemi hivi kwa kuwatisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 walikufa ulimwenguni kwa ajili ya hewa chafu ya ndani ya nyumba, itokayo katika moto wa kupikia na taa, na zaidi ya 237,000 miongoni mwao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Mtoto avutaye moshi kila siku hushikwa upesi na homa ya mapafu. Mama yake hupata kikohozi kisichokwisha, na miaka ikipita huweza kupata ugonjwa wa macho uitwao mtoto wa jicho, akaambiwa ni uzee. Magunzi ya mahindi, ambayo hapa ni kuni za bure baada ya mavuno, hutoa moshi mwingi, na yakiwa na unyevu hutoa mwingi zaidi.

Sasa tulitazame dirisha lenyewe kabla ya kulivika nguo. Moshi wenye joto hupanda juu, nanyi mnajua hivyo kwa kutazama masizi ya darini. Kwa hiyo tundu lililokatwa usawa wa kifua cha mtu halifanyi kazi yote ipasavyo: moshi hujaa kwanza kutoka paa mpaka kichwani pa mpishi, ndipo uanze kumwagika dirishani. Afadhali dirisha liwe juu, kizingiti chake cha juu kiwe karibu na paa, na likabiliane na mlango ili upepo uingie huku na kutokea huko. Juu ya ukubwa, mimi nasema lisipungue dhiraa moja na nusu kila upande, yaani kama sentimita 70. Dirisha la kuchungulia tu, ambalo sahani hujaa ndani yake, ni la ghala.

Mtu akiuliza kama dirisha peke yake latosha, jibu ni la. Kati ya mwaka 1998 na 2001 shirika la Uingereza lililoitwa ITDG, ambalo sasa huitwa Practical Action, lilifanya kazi pamoja na wenyeji wa Kajiado na wa magharibi mwa Kenya kutafuta njia za kuutoa moshi majumbani. Walijaribu kupanua madirisha, na kuacha nafasi chini ya paa, na kuweka juu ya meko kofia ya bati yenye bomba la kutolea moshi. Ile kofia yenye bomba ilishinda njia nyingine zote. Hata hivyo bomba lina gharama, nalo lataka fundi ajuaye kazi. Dirisha hulipata hata maskini. Mwenye uwezo wa vyote viwili na afanye vyote viwili.

Haya, tundu limekwisha kukatwa. Tuweke nini?

Gunia nitalitaja upesi ili nipite. Gunia la nailoni lililopigiliwa misumari haliruhusu moshi kutoka, wala nuru kuingia, na cheche ikilirukia huyeyuka na kudondoka likiwaka. Liondoeni.

Pazia la kitambaa ndilo lipendwalo na wengi, nami naelewa sababu yake. Mwanamke mwenye nyumba hupenda jiko lake lipendeze kama sebule yake. Na tena kuna haya ya chakula, kwa maana si vizuri kila apitaye njiani ajue kama leo mmepika nyama au mmepika mboga tu. Lakini pazia la jikoni lina maadui watatu: moto, mafuta na masizi. Kitambaa kinachopepea karibu na meko au stovu ya mafuta ya taa huhitaji upepo wa mara moja tu ili kushika moto. Vitambaa vya nailoni na poliesta ni vibaya zaidi kuliko pamba, kwa sababu huyeyuka vikawaka na kugandamana na ngozi. Na pazia lisiloshika moto hushika mafuta. Baada ya mwezi mmoja huwa gumu, likanuka, na nzi hulipenda.

Ikiwa lazima iwe pazia, basi liwe fupi, la pamba, linalofunika nusu ya chini tu ya dirisha, lisishuke kupita kizingiti, na lipitishwe katika waya au fimbo ili livutwe kando wakati wa kupika. Nusu ya juu ibaki tupu, kwa kuwa huko ndiko moshi uendako, na mpita njia hana macho marefu kiasi hicho. Kipande cha kanga iliyochakaa chatosha kabisa. Wala meko yasiwe chini ya dirisha lenye pazia. Kama hapana budi yawe hapo, basi pazia ndilo litakaloondoka.

Kioo ni kizuri kwa nuru. Mpishi aonaye vizuri huona mawe katika maharagwe na wadudu katika sukumawiki, wala hawashi taa mchana. Lakini kioo kilichofungwa ni ukuta unaong'aa. Nimeona katika nyumba nyingi mpya kwamba fundi huweka vioo visivyofunguka juu, na vile vya kufunguka chini. Na kwa chumba cha kulala si neno, lakini kwa jiko ni kinyume cha haki. Mwambieni fundi afanye ifunguke ile sehemu ya juu. Atabisha kwamba dirisha huuzwa hivyo hivyo tayari. Ninyi ndio wenye fedha.

Ubao ndio rafiki wa zamani. Mbao za saipresi hupatikana katika viwanda vya mbao vya huku, na seremala wa kawaida aweza kutengeneza dirisha la ubao katika siku moja. Ningependa mbadilishe jambo moja tu. Desturi yetu ni kutia bawaba ubavuni, dirisha likafunguka kama mlango. Mvua ya mchana ikija, mama hulifunga, na moshi hubaki naye. Bawaba zikiwekwa juu, ubao ukasukumwa kwenda nje na kutegemezwa kwa kijiti, ubao huo huo huwa kama paa dogo: mvua huteremka juu yake na moshi hutoka chini yake. Katika nchi hii ambako mvua hunyesha tangu Machi mpaka Oktoba, tena nyakati nyingine yenye mawe, kijiti hicho ni mali. Na usiku hufungwa kwa komeo kwa ndani.

Watu wa pwani walikwisha kulitambua jambo hili kwa njia yao wenyewe. Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu, jiko lilikuwa juu kabisa, orofani, ili moshi uende zake bila ya kupita vyumbani. Na katika madirisha ya miji ya pwani hutumika mbao zilizopangwa kwa mshazari, ambazo huruhusu upepo na kuzuia macho ya watu. Hatuwezi sote kujenga orofa, lakini seremala aliyepewa mfano aweza kupanga mbao za mshazari hata hapa Moi's Bridge, na haya ya chakula ikahifadhiwa bila kitambaa.

Sasa nafika kwenye wavu wa waya, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye ubishi.

Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akiwa Uhindi, aligundua kwamba vidudu vya malaria hukua katika mwili wa mbu. Watu wengi hawakusadiki kwamba mbu ndiye mwenye kuieneza. Basi mwaka 1900 madaktari wawili, Sambon na Low, walikwenda kukaa karibu na Ostia, katika nchi ya Italia, mahali palipojulikana kwa malaria kali. Walikaa katika nyumba ya mbao ambayo milango na madirisha yake yalitiwa wavu. Mchana walitembea watakako; jua likikaribia kuchwa waliingia ndani. Hawakunywa dawa ya kuzuia homa, wala hawakuugua malaria, hali majirani zao waliugua. Na mwaka 2009 ilitolewa habari ya majaribio ya Gambia: katika nyumba zilizotiwa wavu madirishani na milangoni, na kuzibwa chini ya paa, mbu walioingia walipungua kwa asilimia 59 hivi, na watoto wenye upungufu wa damu walipungua pia.

Mtasema, hizo ni nyumba za kulala, si majiko. Ni kweli. Lakini wengi wenu sasa mmeliunga jiko na nyumba, mlango mmoja tu ukiwa katikati. Na mbu aingiaye jikoni saa moja ya jioni hatakosa njia ya kwenda kitandani saa nne. Trans Nzoia na Uasin Gishu zimo katika zile sehemu za juu ambazo malaria huzuka kwa ghafula baada ya mvua, na watu wa sehemu kama hizo, kwa kutoizoea homa, huugua vibaya. Zaidi ya hayo wavu huzuia nzi, ambao kutoka chooni hadi chunguni hawana mwendo mrefu.

Wavu una kasoro moja kubwa: hupunguza upepo. Ukilitia wavu dirisha dogo, umelifanya dogo zaidi. Na masizi yakiziba matundu, baada ya miezi michache waweza kuwa umelifunga kabisa bila ya kujua. Kwa hiyo asiyekubali kulipanua dirisha, na hasa yule apikaye kwa kuni katika kibanda kilicho mbali na nyumba ya kulala, mimi simshauri kuweka wavu wa mbu. Kwake moshi ni adui wa karibu kuliko mbu. Na atie waya wa kuku, ambao huzuia kuku na paka, na moshi upite. Lakini mwenye jiko lililoungana na nyumba na atie wavu wa mbu wa chuma kisichoshika kutu, si ule wa plastiki unaoyeyuka. Aupigilie katika fremu nyepesi inayoweza kutolewa, na kila mwezi aitoe, aupige brashi kwa maji ya moto na sabuni. Wavu uliopigiliwa ukutani moja kwa moja hausafishwi na mtu.

Wazee wawili watatu waliniambia kwamba moshi ni dawa ya mbu, na mwenye kuutoa moshi huwaita mbu. Hoja hii imechunguzwa na wataalamu katika nchi mbalimbali, wala hawakupata ushahidi thabiti kwamba moshi wa jikoni huwakinga watu na malaria. Nao mbu wa malaria hupenda kuuma usiku wa manane, wakati ambapo moto umekwisha kuzimika.

Hoja nyingine ina nguvu zaidi, nami sitaidharau. Katika majiko mengi mahindi ya mbegu hutundikwa darini juu ya meko, kwa kuwa moshi na joto huyakausha na kufukuza fukusi. Hili ni kweli, na ni maarifa mema ya wazee. Lakini tazameni bei yake: twahifadhi debe la mbegu kwa mapafu ya mtoto. Siku hizi iko mifuko isiyopitisha hewa, ambayo nafaka iliyokaushwa vizuri ikifungiwa ndani yake, fukusi hufa kwa kukosa pumzi. Nunueni mfuko mmoja kwanza, mjaribu kwa msimu mmoja, mkiona wafaa ndipo mfungue dirisha bila wasiwasi. Asiyetaka kuacha dari lake na atundike mbegu kwa muda wa kukausha tu.

Lazima niwataje wale wanaokaa katika vyumba vya kupanga mjini, ambako chumba kimoja ndicho jiko, sebule na mahali pa kulala. Wao hawawezi kukata ukuta wa mtu mwingine. Hao ndio wenye mapazia mengi kuliko wote, na hao ndio ninaowahofia. Hapa mko juu sana. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na baridi ya Julai huingia mifupani. Mtu hupika kwa makaa, kisha huliacha jiko chumbani ili limpe joto, akafunga dirisha, akavuta pazia, akachomeka nguo chini ya mlango. Makaa hayatoi moshi mwingi, na hilo ndilo humdanganya. Hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Mtu husikia kichwa kizito, hulala, na asubuhi majirani huvunja mlango. Jiko la makaa litoke nje kabla ya watu kulala. Asiyeweza kulitoa na alizime kabisa kwa maji, na dirisha liachwe wazi.

Wenye gesi ya mitungi nao wana jambo lao. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, hata dirisha lililo juu haliitoi upesi. Mkisikia harufu yake, msiwashe kiberiti wala taa ya umeme. Fungeni mtungi na kufungua mlango.

Juu ya wezi nitasema neno moja. Vyuma vya dirishani ni vya lazima kwa wengi, lakini katika jiko lenye mlango mmoja, meko yakiwa karibu na mlango huo, dirisha ndilo njia ya kuponea. Fundi wa vyuma aweza kutengeneza vyuma vyenye bawaba na kufuli, ufunguo ukaning'inizwa ndani mahali ambapo mtoto wa miaka kumi aweza kuufikia.

Na wakati wa kufanya kazi hii? Si sasa, fedha zikiwa zimekwenda katika mbolea na ada za shule. Mahindi yakiisha kuvunwa na kuuzwa, ikiwa kwa Bodi ya Nafaka na Mazao au kwa wachuuzi, inakuja miezi ya kiangazi ambayo ukuta wa udongo waweza kukatwa ukakauka. Fedha za kwanza huwa na wenyewe wengi, najua. Pimeni tundu kabla ya kwenda dukani, na mnunue wavu uliozidi kipimo kwa vidole vitatu kila upande, kwa kuwa fremu hula. Kisha siku fundi atakapokuja, mama mwenye jiko awashe moto kwanza, wa magunzi yale yale ya kila siku, wote watatu, mume na mke na fundi, wakae ndani mpaka moshi ujae. Mama aonyeshe kwa kidole mahali unapokusanyika. Hapo ndipo fundi atie alama ya mkaa ukutani, na aanze kukata.